Kwa Herufi Moja, Euro Tisa

Huja Februari, barafu ingali imeng'ang'ania nguzo za gati,
mashua zimepandishwa juu ya magogo bandani,
mikuku nje, kama ng'ombe waliosimama kukamuliwa.
Mimi nimekaa kigodani nyuma ya tezi, brashi mdomoni.
Hapa Makkum kila mtu anaijua bei yangu:
kwa herufi moja, euro tisa.

Fedde alikuja na jina la maneno manne,
mlikuwa na upepo ndani yake, na uhuru, na babu.
Nikahesabu kwa kidole. Akanyamaza.
Jumatatu akarudi na maneno mawili,
Alhamisi na moja,
na mwezi ulipokwisha akasema: andika *ja*.
Ndiyo. Herufi mbili, tena ndogo.
Kisha, mkono ukiwa kwenye kitasa:
"Hicho kinukta cha juu ya j, nacho unakitoza?"

Hylke na Sjoerd walirithi mashua moja na ugomvi mmoja.
Huyu alitaka jina la mama, yule jina la mbwa.
Nimeandika yote mawili, mama ubavu wa kulia, mbwa wa kushoto,
na mlinzi wa lango la mfereji
huwasalimu kwa jina la upande anaouona.

Lakini Wobbe!
Wobbe aliita yake *Zonder Schoonmoeder*,
Mama Mkwe Hayumo.
Herufi kumi na nane, akalipa akicheka,
akawanunulia bia hata wasiomjua.
Agosti dhoruba ikamkata mlingoti,
maji yakamfika magotini.
Nani alimwambia, siku ile ya kicheko,
kwamba jina la chombo hutajwa mara tatu redioni
mtu anapoomba kuokolewa?
Hayumo, alisema. Hayumo. Hayumo.
Na kutoka nchi kavu sauti tulivu ikamwomba
arudie, polepole, herufi kwa herufi.

Mama mkwe ni mjane wa nahodha.
Redio ya mabaharia huiacha wazi jikoni usiku kucha,
mazoea ya miaka arobaini.
Alisikia kila kitu.
Walipomvuta Wobbe hadi gatini alimkuta pale
na sufuria ya supu ya njegere, hana neno.

Vuli ilipoingia Wobbe akaja: futa, andika *Wietske*.
Nyuma yake, juu ya baiskeli, Wietske mwenyewe:
"Thubutu! Nipigwe msasa kila mwaka, mimi?"

Wengine huuliza kama kubadili jina ni mkosi.
Sijui. Wazee wa hapa hulionjesha ziwa pombe kali kwanza,
nao huonja, wasije wakalipa ziwa kitu kibaya.
Baukje hakubadili. Alinunua mashua ya mtu baki
iliyoandikwa *Antje*, na hakuna aliyejua Antje ni nani.
Nilimpa bei ya kufuta. Akapitisha kidole juu ya A,
pale mkono wa mtu ulipotetemeka kidogo
kisha ukajirekebisha.
"Mwache," akasema. "Huyu alipendwa."
Nilimpaka rangi mpya Antje wake. Sikudai kitu.

Na mimi? Mganga hajigangi.
Nina kimashua cha mita tano, mwaka wa sita huu tezi ni nyeupe.
Watoto wa gatini hukiita Kile.
Nimejaribu jina la kaka yangu, nikaona aibu.
Nimejaribu ndege, nyota, mitaa niliyoishi.
Usiku nalala nikitafuta neno
ambalo ningeweza kulitaja mara tatu, meno yakigongana,
na mtu nisiyemjua, kwenye chumba chenye joto,
akalisikia sawasawa mara ya kwanza.

Hadi leo ninayo herufi moja, ya penseli.
Fedde, kila akipita, hunikumbusha ni euro tisa.